Fundi Kutoka Bukavu

Methali "Mgeni njoo, mwenyeji apone" nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi. Lakini mgeni alipofika sokoni hapa Kakamega, wenyeji hawakupona. Walinuna!

Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Alikodi nusu ya kibanda jirani na shangazi yangu, akaanza kushona vitenge kwa mitindo tuliyokuwa hatujaiona: mikono iliyofura, shingo zilizotariziwa. Ukimsalimu anakujibu, "Niko nashona." (Mwalimu wa Kiswahili angemtia kalamu nyekundu.) Wateja wakahamia kwake. "Huyu amekuja kutumaliza," shangazi akasema.

Msimcheke shangazi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, wageni walimiminika, na mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ili ardhi ya wazee wetu ichukuliwe bila wao kupewa nyingine badala yake. Hofu hiyo haikutoka hewani. Lakini jamani, aliyekuja na serikali mfukoni atafananaje na aliyekuja na cherehani moja?

Tena huyu hata laini ya simu haikuwa kwa jina lake. Wateja walilipa kwa simu ya jamaa mmoja, naye jamaa siku nyingine alichelewesha pesa, siku nyingine alizipunguza. Angemshtaki wapi? Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara. Sokoni, haki bila karatasi ni maneno tu.

Kilichowapatanisha ni kazi. Kwaya moja iliagiza majoho sitini yenye tarizi, na kikundi cha kina shangazi hakikuwa na mtu wa kutarizi. Wakamwendea, shingo upande. Aliwaonyesha kukata vitambaa kadhaa kwa mkupuo mmoja; wao wakamwonyesha duka la nyuzi za bei nafuu na namna ya kubembeleza mteja anayetaka kukopa. Hivyo ndivyo ujuzi husafiri. Hata bodaboda tunazopanda kila siku zilianzia mpakani Busia, baiskeli zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda.

Sasa yeye ni mwanachama. Malipo yote huingia katika akaunti ya kikundi, na kila fundi huandikiwa chake daftarini, yeye akiwemo. Mafundi wawili walijitoa kwa hasira, na mpaka leo hawaongei na shangazi. Mimi naona kikundi kilifanya vyema, ila daftari halitoshi. Kama kaunti inaita vijana mafunzo ya biashara, iwaite na wenye kitambulisho cha mkimbizi.

Kutia sahihi benki bado hawezi. Kitambulisho chake kilikataliwa mara mbili. Shangazi ameapa kurudi huko Jumatatu, kwa ukali uleule aliokuwa nao alipotaka afukuzwe sokoni.