Mzazi Asiyesoma Naye ni Mwalimu

Katika mikutano ya wazazi husikiwa mara nyingi neno hili: "Mimi sikusoma, nitamfunza nini mtoto?" Hutoka katika moyo wa unyenyekevu, lakini madhara yake ni makubwa. Mzazi alisemaye hujitoa katika kazi ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kuifanya mahali pake. Akiisha kununua sare na madaftari, hudhani ya kuwa sehemu yake imekwisha, na yaliyosalia ni juu ya mwalimu.

Mwaka 2020 dhana hiyo ilipimwa. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Madarasa matatu tu yaliitwa tena mwezi wa Oktoba. Watoto wengine walikaa nyumbani hata Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, lakini si kila nyumba ilikuwa na vyombo hivyo. Wazazi wengi walikaa wakingoja milango ya shule ifunguliwe, kana kwamba elimu nayo imefungiwa ndani.

Si wote waliongoja. Mama mmoja mkulima, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, hakujua kusoma wala kuandika. Kila asubuhi alipopeleka maziwa chamani, alitia punje moja ya mahindi katika kibuyu kwa kila lita iliyopimwa. Mwisho wa mwezi mmoja wa kufungwa kwa shule, alimwita mwanawe wa darasa la tano, akamwaga punje zile juu ya mkeka, akamwambia azihesabu. Mtoto alizipanga kumi kumi, akapata 347. Kisha akasoma hati ya malipo, akaona imeandikwa lita 337. Walikwenda pamoja kwa karani. Daftari likatazamwa, na zile lita kumi zikarudishwa.

Siku ile mtoto alifahamu maana ya kutoa kuliko alivyofahamu kwa hesabu nyingi za ubaoni. Naye mama alipata karani wake mwenyewe, kwa maana tangu hapo mtoto aliandika lita za kila siku katika daftari, na kibuyu kikabaki kuwa shahidi. Ni nani kati yao aliyekuwa mwalimu?

Fikira hii ya kuunganisha nyumba na shule si ngeni katika nchi. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, ili kuwafundisha waalimu ambao wangezitembelea shule za vijijini na kuzisaidia. Waalimu hao walikaa Kabete pamoja na wake zao na watoto wao, na wake nao walifundishwa mambo ya afya na ya utunzaji wa nyumba. Walioianzisha waliona ya kuwa somo lisilofika nyumbani halikai.

Mkulima naye ana ubao mpana kuliko wa shule. Akipanda mahindi kwa mistari iliyoachana sentimita 75, na mbegu moja moja kila sentimita 30, na amwulize mtoto wa darasa la juu: eka moja, ambayo ni mita za mraba karibu 4,047, itataka mbegu ngapi? Mtoto atapata karibu 18,000. Mdogo wake aulizwe lililo jepesi: gunia ni kilo 90, na gorogoro ni kama kilo 2, gunia litajaza gorogoro ngapi? Maswali haya hayanunuliwi dukani.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, mafunzo ya nyumbani hayaondoi shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto shuleni na kuona ya kwamba anahudhuria. La pili, kumtumikisha mtoto si kumfunza. Msichana achotaye maji, apikaye, na abebaye mdogo wake hata usiku, bila kuulizwa neno wala kuelezwa sababu, hafundishwi; anachoshwa tu, na kesho atasinzia darasani. Kazi huwa somo pale mtoto anapoelezwa kwa nini yafanywa hivi na si vile, tena akaachiwa saa yake ya kusoma na taa ya kusomea.

Na kuhusu kitabu chenyewe, mzazi asiyesoma asiogope. Mtoto amalizapo kusoma, mzazi na amwulize: "Kitabu chasema nini?" Kisha amtake aeleze kwa lugha ya nyumbani, pole pole, kama amwelezavyo bibi yake. Mtoto aliyekariri tu atakwama mara moja, na mzazi atajua, ingawa hajui herufi hata moja. Aliyeelewa ataeleza, na kwa kueleza atazidi kuelewa. Swali hilo laweza kuulizwa usiku huu huu, chakula kikiwa bado jikoni.