Mombasa Niliyoiita Raha

Niliandika makala kuhusu Mombasa nikayapa kichwa "Mombasa Raha". Kichwa hicho sikupewa na mhariri. Nilikichagua mwenyewe hata kabla sijapanda gari kuteremka pwani, na kila nilichokiona huko nilikipima kwacho. Kilichokubaliana na raha nilikiandika, kisichokubaliana nayo kikabaki daftarini. Leo nakiri kwamba nilikosea. Nataka kulieleza kosa lenyewe wazi, kwa sababu naamini sisi tulioliandika jina hilo bila kuwauliza wenyewe ni wengi.

Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Nakuru. Kwetu mtoto husikia "Mombasa Raha" kabla hajajua bahari iko upande gani. Jina hilo liko midomoni mwa wanaokwenda likizo ya Desemba, liko kwenye fulana na kwenye matangazo ya safari. Mtu akisema anakwenda Kisumu au Eldoret, ataulizwa ana shughuli gani huko. Akisema Mombasa, haulizwi, anaambiwa tu akale raha. Nilikua na jina hilo, nikawa mwandishi nalo, na sikuwahi kulitilia shaka.

Ilikuwa Desemba 2019. Jarida nililokuwa nikiliandikia lilitaka kurasa za sikukuu. Niliandika juu ya mchanga wa Nyali, madafu, upepo wa jioni kando ya bahari pale Mama Ngina, viazi karai, mabuyu na milango ya nakshi ya Mji wa Kale. Hayo yote yapo na sina neno nayo. Kisha nikaongeza yangu. Niliandika kwamba watu wa Mombasa hawana haraka, kwamba alasiri mji mzima huketi barazani na kahawa tungu kungoja jua lishuke, kwamba wao wanajua kuishi na sisi wa bara tumesahau. Nilidhani nawasifu.

Daftarini mlikuwa na mji mwingine. Kijana mmoja wa Changamwe, karani wa klaringi, yaani kazi ya kutoa mizigo bandarini, alikuwa amenitembeza mchana mzima kwenye yadi za makontena. Mwaka huo Mombasa ilikuwa na jambo moja kubwa la kuzungumza. Reli ya SGR, kati ya Mombasa na Nairobi, ilianza kubeba abiria mwaka 2017, treni za mizigo zikafuata, na serikali ikataka makontena ya kwenda bara yapelekwe kwa reli hadi bandari kavu ya Nairobi. Agosti 2019 amri hiyo ilikazwa. Watu wa Mombasa wakaingia barabarani kuandamana, amri ikalegezwa, lakini kazi zilikuwa zimekwisha kuanza kuhama. Kijana alinieleza mambo yanavyofungamana: lori likikosa mzigo, anayeumia si mwenye lori peke yake. Yupo dereva na utingo wake, fundi wa gereji, mziba pancha, mama anayeuza chakula kando ya barabara kule Miritini na Mariakani, mwenye nyumba ya wageni, na karani kama yeye anayeshughulikia karatasi za forodha. Alinionyesha ofisi ndogo waliyokuwa wakifanyia kazi watu kadhaa, ambayo sasa ilikuwa na meza moja na yeye.

Mlikuwa pia na mama wa Majengo aliyenikaribisha kwake. Nyumba ni yake, ameirithi kwa mamake. Ardhi iliyo chini ya nyumba si yake, na kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba za namna hiyo, zenye mwenyewe wa juu na mwenyewe wa chini, ni jambo la kawaida katika mitaa ya zamani ya Mombasa, na mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyoletwa na Waingereza, iliwataka watu wa mwambao wajitokeze kudai ardhi kwa karatasi, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima huko hawakupata karatasi yoyote. Mama huyo hulala akijua kwamba ardhi ikiuzwa, nyumba yake inaweza kugeuka kuwa mzigo wa mawe na mabati. Katika makala yangu nilimtaja kwa sentensi moja: nilisema ana mahamri matamu.

Nilipokaa kuandika niliyaondoa hayo yote, na hakuna aliyeniamuru kufanya hivyo. Niliyaondoa kwa kuwa hayakukaa vizuri chini ya kichwa, na sikufikiria hata mara moja kwamba kinachopaswa kuondoka ni kichwa. Hapo ndipo penye kosa langu. Kama ningekuwa sikuona, ningesema macho yalinidanganya. Niliona, nikaandika, nikafuta.

Jarida lilipotoka nilibeba nakala kadhaa nikaenda kuwapa wenyeji wangu wa Kibokoni. Nilitarajia shukrani. Mzee wa nyumba, aliyefanya kazi bandarini tangu ujana hadi kustaafu, alivaa miwani akasoma kurasa zote pole pole, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, kalamu unayo," akasema. "Lakini mji ulouandika mimi siujui."

Nikamwambia kwamba baraza niliyoiandika ilikuwa ile ile ya kwao, ile jioni aliyonikaribisha kahawa.

"Ile jioni tulikuwa twachanga karo ya watoto walofiwa na baba yao. Wewe uliona vikombe."

Hakupandisha sauti, wala hakunifukuza. Alinieleza, kama mtu anayemfunza mjukuu, kwamba barazani ndipo kijana anapotafutiwa kazi, ndipo habari ya msiba inapofika kwanza, ndipo ugomvi wa majirani unaposuluhishwa kabla haujafika polisi. Alinikumbusha kwamba mji huu umewalea masheikhe na washairi. Ndio mji wa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 na aliyeuita Mvita na Gongwa. Ndio mji wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930. Kisha akaniuliza kwa nini wageni, wakiwa na majina yote hayo ya kuchagua, hulishika lile moja la watu waliokuja kulala hotelini.

Tangu siku hiyo nikawa nawauliza wenyeji wanavyolionja jina hili. Ningependa kusema kwamba wote walinijibu kama mzee, lakini sivyo. Vijana wa matatu na tuktuk hulipenda, hulichora kwenye magari yao kwa rangi kubwa, na mmoja wao aliniambia kwamba kama mji wake una jina linalojulikana nchi nzima, haoni sababu ya kulikataa. Mhudumu wa hoteli ya Pwani ya Kaskazini alinijibu kwa uangalifu zaidi. Jina linawaleta wageni, na wageni ndio mshahara wake. Mvua za masika zikija, Aprili na Mei, hoteli hubaki na wageni wachache na yeye hurudishwa nyumbani bila malipo hadi msimu urudi. "Kazini silichukii," akasema. "Nalichukia linaponifuata nyumbani."

Aliyeniumiza zaidi ni mwalimu wa kike, binti wa Mombasa aliyepangiwa kazi katika mji mmoja wa bara. Alikuwa amesoma makala yangu huko huko.

"Kaka, wewe unajua maana ya raha wanayoisema?" akaniuliza. "Nikitaja ninakotoka, mwanamume hucheka kwanza ndipo aniulize jina langu."

Aliniambia kwamba mwenye nyumba aliyempangisha chumba alimwonya asije akaleta "mambo ya pwani" katika ploti yake, naye alikuwa ameingia na begi la vitabu na msala. Kwa wengi raha hiyo ina sura ya mwanamke wa pwani, hata ikiwa mwandishi alikuwa akizungumzia madafu. Sikuwa na jibu la kumpa. Kurasa zangu zilikuwa zimewapa watu wale sababu moja zaidi ya kucheka.

Baadaye nikasoma historia ambayo nilipaswa kuisoma kabla ya kwenda. Neno kwamba mtu wa mwambao ni mvivu halikuanza na watu wa likizo. Maofisa na walowezi wa Kiingereza waliliandika mara nyingi, hasa walipowataka watu wafanye kazi ngumu kwa ujira mdogo na watu wakakataa. Lakini Mombasa hiyo hiyo ndiyo iliyoitikisa serikali yao. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwaka 1939. Januari 1947 waligoma tena, safari hii pamoja na wa reli, wa hoteli na wa majumbani, watu wapatao 15,000, na kwa siku 12 mji ukasimama. Walikuwa na uwanja wao wa kukutania na kupanga mambo, na jina walilouita ni Kiwanja cha Maskini.

Jina hilo linanisumbua hadi leo. Limetolewa na watu waliokuwa wakiufanyia mji kazi kwa mikono yao, wengine wenyeji, wengine Wamijikenda, wengine waliotoka bara kutafuta riziki. Shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa katika mgomo ule likaja kuongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka huo huo ikampeleka kizuizini Baringo. Kibachia alikuwa mtu wa bara kama mimi. Alifika Mombasa akayaona maisha ya watu wa bandarini akasimama nao. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba mgeni hana njia ya kuyaona. Njia ipo, ila humtaka mgeni awaendee watu kabla ya kulishika jina.

Nimefikiri sana kwa nini jina zuri namna hii linaweza kudhuru. Jina la matusi mtu hulitambua na kulikataa. Jina la sifa hupokewa kwa tabasamu, kisha mwenyewe hujikuta hawezi kulalamika. Watu wa Mombasa walipoandamana juu ya makontena, nilisikia kwa masikio yangu wenzangu wa Nairobi wakiuliza watu wa raha wana shida gani tena. Swali hilo linaumiza kwa sababu linafunga mlango kabla mtu hajasema neno. Kijana akipeleka maombi ya kazi bara, jina limemtangulia. Binti akitafuta chumba, limemtangulia. Na mwandishi akienda na daftari lake, limemtangulia vile vile, na hulijaza daftari kabla yeye hajaandika mstari.

Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka 2019, mwaka ule ule wa makala yangu. Wengi wao huamka kabla ya jua. Asubuhi na mapema kivuko cha Likoni huwaleta kisiwani watu waliosimama bega kwa bega, na wakishashuka wengi huendelea kwa miguu hadi kazini ili kuokoa nauli. Nilikuwa nimevuka hapo nami, saa nne asubuhi, baada ya kifungua kinywa cha hoteli, nikaandika kwamba mandhari ya kivuko yanapendeza.

Niliomba jaridani nafasi ya kuandika upya, nikapewa ukurasa mmoja mwaka uliofuata. Niliutumia kwa yale yaliyokuwa daftarini. Nilimtafuta karani wa Changamwe ili anihakikishie maelezo yake, nikamkuta amehamia Nairobi kufuata kazi, analala kwa binamu yake. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudishwa Mombasa. Nilimpigia simu siku hiyo. Alifurahi, lakini aliniambia kwamba ofisi waliyokuwa wamepanga ilikwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, na kwamba yeye ana mtoto aliyeanza shule huko Nairobi. Amri inaweza kutenguliwa kwa siku moja, lakini familia iliyohama hairudi kwa siku moja. Sisemi kwamba makala yangu yangezuia jambo hilo. Nasema kwamba kulikuwa na kurasa ambazo sauti yake ingeweza kusikika wakati ilipohitajika, na mimi nilizijaza upepo wa bahari.

Siwakatazi vijana wa matatu kulichora jina lao. Mji ni wao, na wenyewe watabishana juu yake barazani wakitaka. Mimi nimeacha kulitumia. Waandishi wenzangu wa bara nawaomba jambo moja dogo: kabla hujauandika mji wa watu, waulize wanaouamkia wanauitaje na kwa nini, na jibu lao likipingana na kichwa chako, badilisha kichwa.

Kwa mama wa Majengo, kwa mwalimu, kwa karani, kwa mzee wa Kibokoni na wenzake wa baraza: niliwasifu kwa raha ambayo wengi wenu hamkuwa nayo, na nikayanyamazia mliyoniambia kwa vinywa vyenu. Nilijua na nikanyamaza. Nawaombeni radhi.