Ushahidi wa Chokaa

Msomaji, ukipita kando ya ukuta wa kale usidhani kuwa ni bubu. Ukuta unao ulimi, na ulimi wake ni chokaa iliyoshika mawe yake.

Siku moja nilimwonyesha mgeni gofu la msikiti lililo karibu na kwetu, nikamwambia kwa majivuno kuwa lilijengwa miaka elfu moja iliyopita. Aliniuliza swali moja tu: nimejuaje? Sikuwa na jibu. Nilisikia kwa wakubwa wangu, nao walisikia kwa wakubwa wao. Haya niliyoiona siku ile ilinipeleka kutafuta jinsi umri wa majengo unavyojulikana.

Mafundi wa pwani yetu walichoma matumbawe ili wapate chokaa. Penginepo watu huchoma mawe ya chokaa. Moto mkali huifukuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Chokaa ikitiwa maji, ikachanganywa na mchanga na kuwekwa baina ya mawe, huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, ikawa ngumu. Ndani ya hewa hiyo mna kaboni 14, ambayo hupungua kwa mwendo usiobadilika: nusu yake hutoweka katika kila miaka 5,730 hivi. Apimaye kiasi kilichosalia hujua ukuta ulijengwa karibu na wakati gani.

Lakini shahidi huyu yataka ahojiwe kwa uangalifu. Vipande vya jiwe visivyoungua humfanya aonekane mzee kuliko alivyo. Chokaa ya matengenezo ya baadaye humfanya aonekane kijana. Kwa hiyo wataalamu huiyeyusha chokaa kwa asidi, wakaipima hewa inayotoka mwanzo, maana chokaa ya fundi huyeyuka upesi kuliko jiwe lisiloungua. Kwa njia hii yamechunguzwa makanisa ya mawe ya zama za kati katika visiwa vya Åland, nchini Ufini, ambayo umri wake ulibishaniwa muda mrefu.

Sasa sikiliza habari ya mnara mmoja. Katika mji wa Newport, nchini Marekani, uko mnara wa mviringo uliosimama juu ya nguzo 8 za mawe. Mwaka 1839 mtaalamu wa Denmark, Carl Christian Rafn, alitangaza kuwa ulijengwa na mabaharia wa Ulaya ya Kaskazini katika zama za kati, kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wengi waliipenda habari hiyo, kwa kuwa iliupa mji wao heshima ya ukale. Hata hivyo, gavana Benedict Arnold alikuwa ametaja katika wosia wake wa mwaka 1677 kinu chake cha upepo kilichojengwa kwa mawe. Wachimbaji wa mwaka 1948 na 1949 nao walikuta penye misingi vitu vya zama za walowezi. Ubishi haukukoma. Katika miaka ya 1990 chokaa yenyewe ilipimwa, ikajibu: karne ya 17.

Je, mnara ule ulipoteza kitu? Haukupoteza hata jiwe moja. Uliondolewa sifa ya kuazima, ukabaki na umri wake wa haki. Heshima ya uongo ni kama vazi la kuazima: mwenyewe akija, aliyelivaa hubaki uchi.

Nawe, msomaji, utarithi habari nyingi za wazee wako. Zipende na kuzitunza, lakini usiogope kuuliza zilikotoka. Kwani habari ya kweli haidhuriwi na swali. Mimi leo nikimpeleka mgeni penye gofu letu humwambia, "Umri wake siujui, chokaa inaujua." Neno hilo halina fahari kama lile la kwanza, lakini naweza kulisema bila haya.