Subira ya Mgonjwa Si Kunyamaza



Maumivu ya mgongo na nyonga hayana jeraha la kuonyesha. Mtu akikuona umesimama hudhani u mzima, kumbe kila rukuu unaiogopa. Huu ni mwaka wa pili natoka hapa Mkata kwenda mjini kwa tiba ya viungo. Napanda basi, napita Segera, na saa nyingi za kitini hunirudishia maumivu yale yale niliyoyapeleka kutibiwa. Nikifika, hunyoshwa mguu huu na huu, nikapewa karatasi ya mazoezi, nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Nikiuliza, "Zoezi hili linatibu nini?" hujibiwa, "Wewe fanya tu."

Hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Huyu atakwambia una jini, yule atakuuzia mkanda wa kiuno. Na maradhi haya si ya mtu mmoja: mwaka 2020 watu wenye maumivu ya kiuno walikadiriwa kuwa milioni 619 duniani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, lilipendekeza mazoezi pamoja na kumwelimisha mgonjwa, mikanda halikuipendekeza. Basi zoezi bila ya maelezo ni nusu ya dawa.

Wako wasemao kwamba mgonjwa akilalamika amekosa subira. Tumtazame Nabii Ayubu (A.S.). Alimlilia Mola wake kwamba dhara imempata, na juu ya hayo Qur'ani Tukufu ikamsifu kwa subira. Na alipojibiwa, aliamrishwa apige mguu wake ardhini, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Mwenyezi Mungu aliweza kumponya amelala, lakini alimtaka mgonjwa auinue mguu wake mwenyewe.

Naye Imran bin Huswayn, alipougua bawasiri, alimwuliza Mtume (S.A.W.) asali vipi. Hakukemewa, alielezwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu.

Basi ninyi mnaotibu, mwelezeni mgonjwa, maana maneno mema nayo ni sadaka. Nasi wagonjwa tuulize bila ya haya, kwani mficha maradhi kifo humwumbua. Tukishaelezwa, tuinue mguu kila siku nyumbani, japo kidogo, na shifaa tumwachie Mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.