Mkweche wa Babu Pale Tingi: Usiuze kwa Kilo!

Wiki hii tunaacha viwanja vya Dar, tunateremka kusini. Panda basi la Lindi, vuka mto Rufiji pale Daraja la Mkapa, pita Somanga, na kabla hujafika Nangurukuru utaiona Tingi: mikorosho, minazi na wazee wanaokujua wewe mjukuu wa nani hata kabla hujawaamkia.

Sasa tuseme nyuma ya nyumba ya babu yako, chini ya mkorosho, imelala Land Rover 109 ya miaka ya sabini. Kuku wanatagia kiti cha dereva. Mnunuzi wa chuma chakavu keshapita mara mbili na mzani wake. Wajomba wanasema iuzwe, pesa zigawanywe. Babu amekaa barazani, kimya, kadi ya gari iko mfukoni mwa koti. Wewe mtoto wa mjini ndiye unayesubiriwa useme neno.

Taratibu, mshikaji. Kwanza jua hilo dude limefanya kazi gani.

Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Masika ikikolea, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa tope la kumeza tairi. Gari la kuvuta kwa magurudumu manne ndilo lililopenya, limebeba korosho, walimu, au mama mwenye uchungu anayewahishwa hospitali ya Kinyonga, Kivinje. Na usidhani lami imemaliza shida. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, abiria wakakwama.

Haya, tuje kwenye gari lenyewe. Land Rover ilizaliwa Uingereza mwaka 1948, vita vikuu vimeisha juzi tu na chuma hakipatikani kirahisi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Basi utaikuta bodi imebonyea lakini haijaoza, ukasema, “Ah, hii rangi tu, nakwenda kutesa nayo Dar!”

Hapo ndipo wengi wanaingia mkenge. Chesisi ni ya chuma, na upepo wa chumvi wa pwani hauna urafiki na chuma. Tena pale aluminiamu inapokutana na chuma, unyevu wa chumvi ukiingia katikati, aluminiamu yenyewe inaliwa na kugeuka unga mweupe.

Kwa hiyo gari hili halitazamwi usoni, linatazamwa uvunguni. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi polepole kuanzia mbele hadi ule mhimili wa nyuma, ambao ndio mara nyingi hutangulia kuoza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Ila tafadhali, usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Weka magogo mazito kwanza, mjini tunakuhitaji.

Injini nayo usiivamie na betri mpya. Ng'oa plagi zote nne, mimina oili kidogo kila tundu, iache ilale siku mbili. Halafu chukua ile hendeli ya kuzungushia kwa mbele, zungusha kwa mkono, polepole. Ikizunguka, una bahati. Ikigoma, usilazimishe, ongeza oili, subiri tena. Petroli ya zamani mwaga, imeshakuwa gundi, na kabureta isafishwe. Raba za breki badilisha hata kama zinaonekana nzima. Gari lisilowaka litakupotezea muda tu. Lisilosimama litakupotezea roho.

Kila nati unayofungua iingie kwenye kopo lake, kopo liandikwe. Spea utazisaka Gerezani na Kariakoo mwisho wa mwezi, kidogo kidogo. Rangi ni ya mwisho kabisa, hata kama mchumba anakuuliza kila siku lini mtatoka nayo.

Washamba? Thubutu! Oktoba 2024 Arusha waliandaa tamasha zima la Land Rover, wenye magari wakatoka kila kona kuja kutambiana.

Chesisi ikiwa imekwisha kabisa, waambie wajomba ukweli, na usimdanganye mzee kwamba litapona. Lakini nyundo ikilia vizuri, mwambie mwenye mzani aende zake. Kisha piga hodi barazani, mwamkie babu, na muulize mara ya mwisho hilo gari lilimbeba nani. Jibu lake halipimwi kwa kilo.

Tukutane wiki ijayo!