Lenzi ya Kwenda Nayo Mbulu

Mwishoni mwa Desemba jua la Oslo huchomoza saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na robo alasiri. Hata mchana huo mfupi, jua halipandi juu. Linapita pembezoni mwa anga na kuondoka. Ndiyo maana mtu aliyenunua kamera ya kuanzia huku huichoka mapema lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Picha za ndani zinatoka na chenga, au zimetikisika. Yeyote atakayemuuliza atamjibu vilevile: nunua 50mm ya f/1.8.

Kihesabu ushauri huo una nguvu. Ile 18-55, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Ukilifungua tundu la hamsini hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara 10. Mahali ambapo kamera ilikuwa ikilazimisha shata ya 1/13 ya sekunde, sasa unapiga kwa 1/125 bila kugusa ISO, na mtu anayecheza muziki anaganda mahali pake. Kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi kinasaidia mkono wako tu. Hakimzuii bibi harusi kucheza. Canon walipotoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015 waliiuza dola 125, bei ndogo sana kwa lenzi yenye uwezo huo.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anapiga picha mnato nyumbani Haydom, wilayani Mbulu, na vijiji vya jirani: harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, mahafali, wakati mwingine anaitwa hadi Katesh. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, ukija niletee ile hamsini." Nimekaa na ombi hilo muda mrefu, maana naona ushauri wa huku umevuka bahari bila mtu kuuliza unakwenda kupiga picha ya nani, na katika chumba gani.

Huku picha ya ndani ni ya mtu mmoja. Mtoto dirishani, rafiki na kikombe cha kahawa, uso mkali na nyuma yake kila kitu kimeyeyuka. Kuyeyuka huko ndiko watu wanakolipia. Sasa nenda ukumbini Mbulu mjini au Dongobesh wakati wa kutoa zawadi. Ukoo mzima unakuja mbele kwa mstari, unacheza, umebeba blanketi, sufuria, magodoro. Shangazi aliyetoka Bashnet kwa basi la alfajiri anataka aonekane, na mjomba aliye nyuma yake pia. Picha hiyo itatazamwa miaka 20 kuhakikisha nani alikuwepo. Ukimyeyusha shangazi umemfuta kwenye sherehe, na lawama zake hazina mwisho.

Tupime. Kamera hizi za kuanzia zina kihisi kidogo, kwa hiyo 50mm juu yake inabana kama 80mm ya kamera kubwa. Ukisimama mita 4 kutoka kwa watu, fremu ya Canon inachukua upana wa chini ya mita 2: watu wanne waliobanana. Ukisogea hadi mita 2 na kufungua f/1.8, kina cha ukali ni kama sentimita 11. Bwana harusi akiwa nusu hatua nyuma ya mkewe, hayumo. Kurudi nyuma huwezi, kuna meza ya keki, kuna spika, kuna mpiga video na taa yake.

Kwa hiyo mimi nasema 35mm ya f/1.8. Nikon walitoa ya kamera ndogo hizi mwaka 2009. Kwa mita zilezile 4 inachukua karibu mita 2.7, na ukiifunga kidogo hadi f/2.8 unapata kina cha zaidi ya mita moja, mistari miwili ya ndugu yote mikali. Mwanga wake ni kama mara 6 ya ule wa 18-55 ikiwa kwenye 35. Wenye Canon wanapenda kuelekezwa kwenye 24mm f/2.8, nyembamba na nzuri kuibeba, lakini lenzi ya boksi ikiwa kwenye 24 tayari inafika karibu f/4, kwa hiyo unaongeza mwanga mara 2 tu. Hiyo nainunulia upana, siyo giza. Hamsini nayo itapata siku yake: sura ya bibi harusi wakati wa kupambwa, au padri mbali madhabahuni.

Flashi? Nyumbani ndiyo silaha ya kwanza, na siilaumu. Ila kuielekeza juu ili mwanga ushuke taratibu kunahitaji dari nyeupe iliyo karibu. Makanisa mengi ya vijijini yana bati na mbao juu kabisa. Mwanga unapotelea huko. Ukiipiga usoni moja kwa moja, nyuso za mbele zinang'aa na kwaya nyuma inamezwa na weusi. Lenzi yenye tundu pana inaiacha flashi ifanye kazi ndogo, na zile taa za ukumbini zinabaki kwenye picha.

Kuna somo moja la huku ambalo linafaa kule bila kubadilishwa. Theluji inaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa mtu unakuwa giza. Wanorwe wanafundishwa mapema kuongeza. Gauni la harusi linafanya kosa lilelile, na juu ya ngozi zetu kosa linaonekana zaidi. Gauni likijaza fremu, ongeza hadi hatua moja kamili, kisha tazama uso kabla hujatazama gauni.

Nikifikiria picha na giza namkumbuka mzee wetu wa Mbulu, John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshamaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, goti limefungwa bandeji, jua limeshazama, wengi wameondoka. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Bila mtu kubaki na kamera jioni ile, sisi watu wa Mbulu tungekuwa na simulizi tu. Hakuna anayeitazama filamu ile akilalamikia ubora wake. Tunatazama kuwa alifika. Ndicho anachodai shangazi wa Bashnet.

Sasa turudi kwenye kuinunua. Wengi huku wamehamia kamera zisizo na kioo, na lenzi za zile za zamani zinauzwa mitumba kwenye tovuti ya Finn.no kwa bei ya kuongeleka. Ukikutana na muuzaji, mulika tochi ndani ya lenzi utafute utando wa kuvu, zungusha pete ya fokasi usikilize kama kuna mchanga. Na uwe na jina kamili la kamera ya nyumbani, lile lililoandikwa mbele. Nikon za D3000 na D5000 na wadogo zao hazina mota ya fokasi ndani; ukizipelekea 50mm f/1.8D kwa sababu ilikuwa rahisi, ndugu yako atafokasi kwa mkono huku ndafu inaingia ukumbini. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Ya mdogo wangu ni D3300. Nimeshaagiza 35.