Kiwanja cha Ndege Hakilindwi na Bunduki Peke Yake

Mwisho wa Januari 2025, kiwanja cha ndege cha Goma kiliingia mikononi mwa M23. Ijumaa ya tarehe 14 Februari, kile cha Kavumu, kilomita kama 30 kaskazini ya Bukavu, nacho kikaenda. Tangu hapo, kwenye foleni za maji, ndani ya boti za ziwa Kivu na kwa jamaa waliowapokea wahami, swali ni moja: kiwanja kilikuwa na askari, kilikuwa na silaha, sasa kimeanguka namna gani?

Ndugu msikilizaji, tuanze na kazi yenyewe. Kulinda kiwanja cha kijeshi wakati wa vita si kusimama langoni na kupiga saluti. Kuna wanaopima karatasi na kufungua magari. Kuna wanaozunguka ukuta usiku kucha. Kuna walio ndani ya mashimo pembeni ya njia ya kurukia ndege, macho yao milimani. Kuna wanaolinda akiba ya mafuta na mabomu, mahali ambapo risasi moja tu inatosha kuleta msiba. Kuna neno la siri la usiku. Asiyelijua anaambiwa asimame, na asiposimama anapigwa risasi. Na kabla ndege haijatua, lazima mtu ahakikishe njia ni safi: hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayekatiza, hakuna kipande cha chuma ambacho injini inaweza kukimeza.

Adui wa kwanza wa mlinzi huyu ni usingizi. Wa pili ni mvua. Wa tatu ni uvumi, na huyo ndiye mbaya kuliko wote. Askari aliye ndani ya shimo lake saa nane ya usiku, akisikia kwa simu kwamba wakubwa wake wamekwisha kuvuka ziwa, anajiuliza analinda nini na analinda kwa ajili ya nani. Hapo bunduki yake ingali mkononi, lakini ulinzi umekwisha.

Goma ina ugumu wake. Kiwanja chake kimebanwa na nyumba za watu, na ndege za vita na ndege za raia zilitumia njia ile ile. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia hiyo, ikabaki fupi kwa miaka mingi. Mwezi wa Aprili 2008, ndege ya abiria ilishindwa kuruka ikaangukia Birere, watu makumi wakafa. Kwa hiyo kila linalopiga kiwanja linapiga mtaa.

Vita vya sasa vimelionyesha hilo tena. Tarehe 24 Januari 2023, ndege ya vita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 ilipigwa ikiwa hewani karibu na mpaka, ikatua Goma inawaka moto. Kigali ilisema ndege ilivuka anga lake, Kinshasa ikakana. Tarehe 17 Februari 2024, mabomu yaliyorushwa na droni yaliangukia kiwanjani usiku. Jeshi la Kongo liliishutumu Rwanda, likasema zilizolengwa ni ndege za jeshi. Zilizoharibika zilikuwa za raia. Mlinzi wa ukuta anaweza kumzuia mwizi na mpelelezi. Droni haipiti langoni wala haiulizwi neno la siri.

Lakini kama tunataka kuelewa jinsi kambi ya ndege inavyoanguka, tukumbuke Kitona. Tarehe 4 Agosti 1998, ndege za kiraia zilizokamatwa Goma zilivuka nchi nzima, zaidi ya kilomita 1500, zikatua kwenye kambi hiyo ya Kongo ya Chini, karibu na bahari. Ndani yake walikuwa wanajeshi wakiongozwa na James Kabarebe, ambaye wiki chache tu kabla ya hapo alikuwa mkuu wa jeshi la Kongo. Walikuwa wachache, na walikuwa mbali sana na nyumbani. Kwa hesabu ya bunduki peke yake, ilikuwa wazimu.

Ndani ya Kitona kulikuwa na maelfu ya askari wa zamani wa Mobutu. Walikuwa wamepelekwa huko kufundishwa upya, wakaishi kwa njaa, magonjwa na dharau. Walipoona wageni wametua, wengi wao hawakupigana. Walijiunga nao. Kwa siku chache zikafuata Muanda, Banana, Matadi, na bwawa la Inga. Kinshasa ikaingia gizani, hospitali na mashine za maji zikakosa umeme. Ilibidi Angola na Zimbabwe zilete majeshi ndipo mji mkuu ukaokoka.

Kitona haikukosa walinzi. Ilikuwa na watu ambao hakuna aliyewapa sababu ya kulinda. Aliyewaacha na njaa ndiye aliyefungua lango, hata kama hakuwepo siku ile.

Hapa kwetu, sababu hiyo ilionekana mbele ya kila kizuizi, kwa yeyote aliyetaka kuiona. Mama mwenye beseni la mandazi anapita, askari anamwita.

«Mama, nipe ya deni. Mshahara ukitoka nitalipa.»

«Afande, hata yale ya mwezi uliopita bado.»

«Najua, mama. Na mimi bado.»

Mama anampa mawili, kwa sababu na yeye ana mtoto jeshini. Ni mazungumzo ya kawaida, watu huyacheka. Lakini hesabu yake ni nzito: mlinzi wa ndege za mamilioni ya dola analishwa na mjane anayelala chini ya turubai. Wenzake wengine hawaombi, wananyang'anya. Mtaa ukishanyang'anywa na mlinzi wake, haumpi tena habari ya mgeni aliyeonekana jioni karibu na ukuta. Hapo kiwanja kinapoteza macho yake elfu moja, na ukuta haurudishi hata jicho moja.

Mapema mwaka 2025, serikali ilitangaza kwamba mishahara ya askari na polisi itaongezwa mara mbili. Lilikuwa jambo jema, na lilikuja wakati Goma imekwisha kwenda. Pia si haki kusema kwamba wote walikimbia. Kuna waliokufa kwenye mashimo yao. Kuna Waafrika Kusini watatu waliouawa na kombora lililorushwa kuelekea kiwanja cha Goma, mbali na mama zao. Wajane wa askari wetu wanahesabiwa leo pamoja na wahami wengine, na wengi wao hawajui mume amezikwa wapi.

Na hasara ya kiwanja haikubaki kwa wanajeshi. Njia ile ile iliyobeba mabomu ilibeba damu ya kuongezea wagonjwa, chanjo, madaktari wa upasuaji, majeruhi kutoka mbali. Kiwanja kilipofungwa, hospitali kama CBCA Ndosho ilikuwa imejaa watu wenye risasi mwilini, na mizigo ya dawa ikabaki kutegemea barabara, mipaka na ziwa. Tarehe 30 Oktoba 2025, kule Paris, rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ikajibu kwamba haikushauriwa. Kati ya matangazo hayo mawili kuna mgonjwa anayehesabu vidonge vilivyobaki.

Ndiyo maana ulinzi wa kiwanja si siri ya majenerali peke yao. Yeyote atakayeshika Goma au Kavumu kesho ataweka askari ukutani, na askari yule atakuwa na tumbo, atakuwa na mke na watoto, atakuwa na simu inayomletea uvumi. Akilipwa kwa wakati, akiongozwa na mkubwa anayelala karibu naye, akiwaheshimu wanaokaa ng'ambo ya ukuta, kiwanja kitakuwa na nguvu hata kabla ya kuleta mzinga mmoja. Akikosa hayo, silaha zote alizopewa anamwekea adui akiba.

Kwa familia zinazorudi kwenye mitaa iliyo karibu na viwanja hivi, jambo moja la haraka. Palipopiganiwa hubaki vyuma ambavyo havijalipuka. Mtoto akiona kitu kama chupa ya chuma, kama mkia wa kombora au waya usioeleweka, asikiguse, asikirushie jiwe. Arudi kwa njia aliyojia, na mkubwa awaambie wakuu wa mtaa au watu wanaotegua mabomu. Askari wa zamu wanaweza kuwa wameondoka. Walichokiacha chini ya majani bado kiko macho.